CHUPA ILIYOBAKI RAFUNI

Familia tunayotaka kuizungumzia leo inaishi Lizaboni, hapa hapa Songea. Majina yao tunayaacha, maana wenyewe wameomba iwe hivyo. Lakini habari yao wameturuhusu kuieleza ili iwe fundisho kwa nyumba nyingine.

Baba wa familia hiyo alikuwa fundi uashi. Alikuwa na miaka 41 alipoanza kuona damu katika haja kubwa. Kwanza alinyamaza. Mke wake alipogundua, alimshauri aende zahanati, naye akapewa dawa za amiba. Damu ikapungua, kisha ikarudi. Mara ya pili akaambiwa ni bawasiri. Mara ya tatu akanunua mizizi sokoni. Mwaka mzima ulipita namna hiyo, mwili ukipungua na nguvu zikimwishia. Siku tumbo lilipojaa na choo kugoma kabisa, ndipo alipopelekwa hospitali na kufanyiwa upasuaji wa haraka. Daktari alikuta uvimbe umeziba utumbo mpana, akaukata.

Baada ya upasuaji mke wa mgonjwa alikabidhiwa chupa. Ndani yake mlikuwa na kipande cha ule uvimbe kilichohifadhiwa katika dawa ya formalini. Alipewa na karatasi, akaambiwa ahakikishe chupa inafika maabara ya patholojia, na kwamba kipimo kina malipo. Fedha zilikuwa zimekwisha. Ndugu walikaa kikao, na shemeji mmoja akasema maneno ambayo wengi wetu tungeyasema: "Nyama mbaya imeshatolewa. Kuna nini tena cha kupima?" Basi chupa ikawekwa rafuni, nyuma ya masufuria. Mgonjwa alirudi nyumbani, akapata nafuu, akaanza hata kushika mwiko wa kujengea. Baada ya miezi minane ugonjwa ulijitokeza kwenye ini. Hakufika mwaka.

Miaka miwili baadaye mdogo wake, mfanyabiashara wa mahindi mwenye miaka 36, naye aliona damu. Huyu hakusubiri. Alikwenda hospitali, akapimwa, na uvimbe ukaonekana ukiwa bado mdogo. Daktari alimwuliza swali moja: "Kaka yako alikuwa na saratani ya aina gani? Majibu ya maabara yako wapi?" Hapo familia ikaikumbuka ile chupa. Ilikwisha kutupwa siku ya kusafisha nyumba baada ya arobaini.

Makala yetu ya leo inahusu chupa hiyo. Tunataka kuonyesha kwamba kile kipande cha nyama kilikuwa na habari ndani yake, na kwamba habari hiyo haikuwa ya marehemu peke yake. Ilikuwa ya mdogo wake, ya dada zake, na ya watoto wake watatu.

UGONJWA ULIOKUWA ADIMU

Wazee wetu hawakuujua sana ugonjwa huu, nao hawakukosea. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20, alikusanya habari kutoka hospitali nyingi za vijijini na za misheni barani Afrika. Mwaka 1971 aliandika kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu miongoni mwa Waafrika wa vijijini, akahusisha jambo hilo na chakula chenye makapi mengi. Kwa lugha ya kwetu tungesema: chakula cha dona, maharage na mboga za majani.

Hali hiyo imebadilika. Kumbukumbu za wagonjwa waliotibiwa Dar es Salaam kati ya mwaka 2005 na 2015 zilionyesha kwamba idadi ya wenye saratani hii iliongezeka mara kadhaa ndani ya miaka hiyo kumi. Kule Mwanza, madaktari wa Bugando walichapisha mwaka 2013 habari za wagonjwa 332 waliowapokea katika miaka mitano. Mambo mawili katika habari hizo yanatisha. La kwanza, karibu wote walifika wakiwa wamechelewa, ugonjwa umekwisha kufika hatua za juu. La pili, umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 46. Katika nchi za Ulaya na Marekani saratani hii huwapata zaidi wazee wa miaka 60 na 70. Hapa kwetu inawachukua watu ambao bado wanasomesha watoto.

Kwa nini vijana? Sababu mojawapo ni kwamba nchi yetu ina vijana wengi kuliko wazee. Chakula na maisha yanayobadilika huenda vinachangia. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haiwezi kutafutwa jikoni. Hiyo hutafutwa ndani ya ile chupa.

MAKOSA YA KUNAKILI

Tufikirie katibu wa jumuiya anayenakili daftari la michango kila mwaka. Kila mara daftari linapochakaa, analinakili upya, neno kwa neno. Hata awe makini namna gani, atakosea mahali. Kwa hiyo jumuiya imemweka mtu wa pili ambaye kazi yake ni kupitia nakala na kusahihisha.

Mwili wetu hufanya kazi kama hiyo usiku na mchana. Kila chembe hai inapogawanyika kuwa mbili, hunakili maagizo yote ya mwili yaliyoandikwa katika jeni. Makosa hutokea, nao wasahihishaji huyarekebisha. Wasahihishaji hao wana majina yao katika vitabu vya tiba: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Msomaji hana haja ya kuyakariri. Atambue tu kwamba ni wanne, na kwamba hufanya kazi wawili wawili.

Msahihishaji mmoja akikosekana, makosa hulundikana. Hulundikana zaidi mahali ambapo herufi zilezile zinajirudia. Mwambie mtu anakili herufi moja iliyoandikwa mara 20 mfululizo. Ataandika 19 au 21 bila kujua. Wataalamu hupima sehemu hizo za marudio na kuona kama urefu wake umebadilika. Ukiwa umebadilika, wanajua uvimbe huu ni wa aina ya "msahihishaji amekosekana". Kati ya saratani 100 za utumbo mpana, kama 15 ni za aina hiyo kwa takwimu za nchi za Magharibi. Utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba miongoni mwa wagonjwa wake ilizidi robo. Wagonjwa waliopimwa hawakuwa wengi, na Nigeria si Tanzania. Hata hivyo, hesabu hiyo inatosha kutufanya tuulize: je, kwetu ni wangapi?

SUNGUSUNGU WA MWILI

Sasa tuingie katika habari ya kinga. Kinga ya mwili tunaweza kuifananisha na sungusungu wanaolinda mtaa usiku. Wanawajua wenyeji kwa sura. Mgeni akipita huulizwa anatoka wapi na anakwenda kwa nani.

Ugumu wa saratani ni kwamba si mgeni. Ni mtoto wa mtaa aliyeharibika tabia. Sungusungu wanamwona, wanamsalimu, wanampita. Lakini ule uvimbe ambao msahihishaji wake amekosekana, kwa kuwa una makosa mengi mno, huanza kutoa sura ngeni. Sungusungu wanashtuka. Wanakusanyika kwa wingi kuuzunguka na kuuingia. Ndiyo maana mgonjwa mwenye uvimbe wa aina hii, ukiwahiwa mapema kabla haujaenea, mara nyingi huwa na matumaini mazuri zaidi kuliko mwenzake.

Wataalamu wa Paris, wakiongozwa na Jérôme Galon, walionyesha mwaka 2006 kwamba kuhesabu hao walinzi ndani ya uvimbe na kwenye kingo zake kunasaidia kutabiri kama ugonjwa utarudi baada ya upasuaji. Mwaka 2018 hesabu hiyo ilithibitishwa kwa wagonjwa 2,681 kutoka nchi 13. Penye walinzi wengi, ugonjwa ulirudi mara chache. Pasipo na walinzi, ulirudi mara nyingi. Fikiria, ndugu msomaji: kipande kidogo cha nyama, kikikatwa kwa wembamba, kikapakwa rangi na kutazamwa kwa darubini, kinaweza kueleza mengi juu ya miaka ijayo ya mgonjwa.

Lipo jambo la pili. Sungusungu wana kanuni ya kujizuia wasipige watu ovyo, kwa sababu walinzi wasio na breki ni hatari kwa mtaa wao wenyewe. Uvimbe hujifunza kuikanyaga breki hiyo, na walinzi hubaki wamesimama mikono nyuma. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua jinsi ya kuiachia breki hiyo, kila mmoja kwa njia yake. Dawa zilizotokana na kazi hiyo hazimwui mwizi. Zinawafungua mikono walinzi.

Dawa hizo husaidia wapi katika saratani ya utumbo? Zaidi ya yote, pale ambapo msahihishaji amekosekana, kwa sababu hapo walinzi wamekwisha kufika na wanasubiri ruhusa tu. Utafiti wa wagonjwa 307 wenye saratani ya aina hiyo iliyokwisha kuenea, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha kwamba waliopewa dawa ya pembrolizumab walikaa miezi 16 na nusu, kwa hesabu ya kati, kabla ugonjwa haujasonga mbele. Wale wa dawa za kawaida za saratani walikaa miezi 8. Mwaka 2022 madaktari wa New York walitangaza kwamba wagonjwa 12 wa kwanza wenye saratani ya puru ya aina hii walipewa dawa nyingine ya jamii hiyo, dostarlimab, kwa miezi sita, na uvimbe ukatoweka kwa wote 12 bila kisu wala mionzi. Kufikia mwaka 2025 walikuwa wamefika 49, na kwa wote matokeo yalikuwa yaleyale.

TUSIDANGANYANE

Tunajua habari kama hizi zikitua mtaani hugeuka haraka. Tumekwisha kusikia pale Lizaboni muuzaji akinadi unga wa "kuongeza kinga", akisema hata madaktari wa Ulaya sasa wanatibu saratani kwa kinga. Ndugu zetu, mambo haya mawili hayana udugu hata kidogo. Hakuna unga, juisi wala majani yanayojulikana kuachia ile breki tuliyoieleza. Mgonjwa anayetumia miezi sita kunywa unga huo anaupa uvimbe miezi sita ya kukua.

Tena dawa zenyewe za hospitali zina mipaka. Katika ule utafiti wa wagonjwa 307, karibu 3 kati ya 10 waliopewa dawa ya kinga ugonjwa wao uliendelea tu. Walinzi wakiachiwa breki wanaweza kushambulia mapafu, ini, utumbo au tezi ya shingoni, kwa hiyo mgonjwa huhitaji uangalizi wa karibu. Kwa wagonjwa wengi ambao uvimbe wao si wa aina hii, dawa hizo zikitolewa peke yake kwa kawaida hazifui dafu. Na bei yake ni ya kutisha: Marekani, dozi moja ya pembrolizumab ya kila wiki tatu imeandikwa bei inayozidi dola 10,000. Ni nyumba ngapi za Songea zingeuza shamba, ng'ombe na bati la paa na bado zisifikie dozi ya pili?

Hapa ndipo msomaji anapoweza kutuuliza kwa haki: "Sasa mnatuletea habari hizi za nini? Kumwonyesha mwenye njaa picha ya pilau?"

Swali ni zuri, na jibu letu ndilo kiini cha maoni yetu. Dawa ni ghali, lakini kipimo si dawa. Kipimo cha awali cha kujua kama wasahihishaji wanne wapo au mmoja amekosekana hakihitaji mashine kubwa ya kusoma jeni. Hufanywa kwa kupaka rangi maalumu kwenye kipande kilekile cha nyama, kwa njia ileile ambayo hutumika kupima saratani ya matiti kujua kama inasikia homoni. Nacho kinafaa hata kwa mtu ambaye hataionja dawa ya kinga maisha yake yote. Tutaje faida tatu.

Kwanza, kinasaidia kuchagua tiba ya kawaida. Mgonjwa aliyekatwa uvimbe wa aina hii ukiwa bado katika hatua ya pili hapati faida akiongezewa dripu za dawa ya fluorourasili peke yake. Anaweza kusumbuka kwa kutapika na kuharisha, na kumaliza fedha za familia, bila sababu. Kumwepusha na tiba isiyomfaa nako ni kumtibu.

Pili, kinamsaidia daktari kusema ukweli kwa mgonjwa kuhusu matumaini yake.

Tatu, na kwetu hili ndilo kubwa, kinaweza kuokoa ndugu ambao bado wazima.

HABARI YA UKOO

Mwaka 1895, huko Michigan, Marekani, mwanamke mshonaji alimwambia Daktari Aldred Warthin kwamba yeye atakufa mapema kwa saratani ya tumbo la uzazi au ya matumbo, kwa sababu ndivyo ukoo wake unavyokufa. Akafa hivyo kweli, kwa saratani ya tumbo la uzazi. Warthin hakumdharau. Alikusanya habari za ukoo ule na kuziandika mwaka 1913. Daktari Henry Lynch akaiendeleza kazi hiyo tangu miaka ya 1960, na ndiyo maana leo tatizo hilo huitwa ugonjwa wa Lynch. Katika miaka ya 1990 wataalamu waligundua jeni zenyewe: ndizo hao wasahihishaji wetu.

Mtu huzaliwa na nakala mbili za kila msahihishaji, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye ugonjwa wa Lynch amezaliwa na nakala moja mbovu. Ile nzima ikiharibika ndani ya chembe moja ya utumbo au ya tumbo la uzazi, njia ya saratani imefunguka. Kila mtoto wake, awe wa kiume au wa kike, ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi nakala hiyo mbovu. Anayerithi si lazima augue. Lakini asipochunguzwa, hatari yake ni kubwa kuliko ya watu wengine, nayo huja mapema.

Si kila uvimbe uliokosa msahihishaji ni wa kurithi. Wengine msahihishaji wao amezimika tu uzeeni. Kwa jumla, kati ya saratani 100 za utumbo mpana, kama 3 ndizo za Lynch. Lakini mgonjwa akiwa chini ya miaka 50, na katika ukoo wake mna mwingine wa utumbo au wa tumbo la uzazi, swali hilo lazima liulizwe.

Turudi sasa Lizaboni. Mama wa ndugu wale wawili alifariki akiwa na miaka 48 kwa kutokwa damu isiyokoma, damu ya uzazi. Hakupimwa. Na kwa kuwa mtoto wake wa kwanza alifuata, watu walianza kutafuta mkono wa mtu. Shangazi mmoja, mjane anayeishi peke yake, alitajwa. Watoto walikatazwa kwenda kwake. Mwanamke ambaye alikuwa akiwalea wale watoto wazazi wao wakienda shambani, aliishi miaka miwili kama mwenye ukoma katika ukoo wake mwenyewe.

Uvimbe wa yule mdogo mtu ulipelekwa maabara. Safari hii ndugu walichanga, chupa ikasafirishwa hadi Dar es Salaam. Majibu yalisema kwamba ni saratani ya utumbo, hatua ya pili, na kwamba msahihishaji aitwaye MSH2 haonekani. Daktari akaeleza kwamba hali hiyo mara nyingi ni ya kurithi, ingawa uthibitisho kamili unahitaji kipimo cha damu. Hakupewa dripu za saratani. Anafuatiliwa, na tunapoandika haya anaendelea na biashara yake.

Karatasi ile ilisomwa katika kikao cha ukoo. Baba mdogo aliyeisoma alipomaliza, aliwaambia waliokuwapo: "Basi twende kwa dada." Wakaenda kwa shangazi kumwomba radhi. Hatujui karatasi nyingine ya maabara iliyofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Bado lipo deni. Marehemu kaka aliacha watoto watatu, na wa kwanza ana miaka 19. Je, baba yao alikuwa na nakala ile mbovu, au saratani yake ilikuwa ya kawaida tu? Ile chupa ingetusaidia kujibu. Haipo. Sasa njia iliyobaki ni kuchukua damu ya baba yao mdogo, kutafuta kosa lenyewe katika jeni yake, kisha kuwapima watoto kama nao wanalo. Ni njia ndefu na ya gharama zaidi. Lakini yule mwenye miaka 19 anastahili kujua, kwa sababu watu wa ukoo wenye tatizo la MSH2 hushauriwa waanze kuchunguzwa utumbo kwa kamera wakiwa na miaka 20 hadi 25, na kurudia kila mwaka mmoja au miwili. Katika uchunguzi huo vinyama vidogo huonekana na kuondolewa kabla havijawa saratani.

MAONI YETU

Kwanza, tunasema kwa wenye mamlaka ya afya. Si haki kumkabidhi mjane mtarajiwa chupa yenye kipande cha mwili wa mumewe, kisha kumwachia atafute nauli na malipo ya maabara. Kipimo cha patholojia ni sehemu ya upasuaji wenyewe. Upasuaji bila majibu ni kazi iliyoachwa nusu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Tunaomba wanaopanga na kupitia mafao ya bima hiyo wahakikishe kwamba kipimo cha nyama kinalipiwa kwa kila uvimbe unaotolewa, na kwamba kwa saratani ya utumbo kile kipimo cha wasahihishaji wanne kiwe cha kawaida, hasa kwa mgonjwa aliye chini ya miaka 50. Tunaomba pia chupa zisafirishwe na hospitali kwa hospitali, si kwa mkoba wa ndugu kwenye basi. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900.

Wapo watakaosema nchi ina mambo ya haraka zaidi: malaria, akina mama wajawazito, maji. Hatubishi. Lakini hatuombi dawa ya dola 10,000. Tunaomba kujua tunachougua. Hata siku bei ya dawa itakaposhuka, kama ilivyoshuka ya dawa za UKIMWI baada ya watu wengi kupaza sauti, nchi isiyojua ina wagonjwa wangapi wa aina hii haitajua hata iagize kiasi gani.

Pili, tunasema na sisi wenyewe, familia za parokia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Damu katika haja kubwa si jambo la kuonea haya. Mara nyingi ni bawasiri kweli, au amiba kweli, lakini hilo huthibitishwa kwa kupimwa, si kwa kukisia. Mtu mwenye damu inayorudi, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, upungufu wa damu usioeleweka, au haja isiyokwisha hata baada ya kutoka chooni, aende hospitali. Akina baba, daktari akisema anataka kupima njia ya haja kwa kidole, mkubali. Ni jambo la dakika moja, na uvimbe wa puru mara nyingi hufikiwa kwa kidole hicho. Fundi wetu alikwenda kutibiwa mara mbili, na hakuna aliyempima hivyo, wala yeye hakuuliza.

Tatu, ndugu mkikabidhiwa chupa, msiiweke rafuni. Kama fedha hakuna, rudini kwa daktari mseme hivyo, au nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ielezeni na jumuiya yenu. Tunachangia arusi, tunachangia mazishi. Tuchangie na chupa. Majibu yakija, ombeni nakala, muitunze pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya kiwanja. Hiyo ni mali ya watoto.

Nne, kila nyumba iandike ukoo wake: nani alikufa, akiwa na umri gani, kwa ugonjwa gani kadiri inavyojulikana. Wazee wetu wa Kingoni wanajua kutaja mababu hadi vizazi vingi nyuma. Tuongeze katika orodha hiyo maradhi yao. Mkiona watu wawili au watatu wa upande mmoja wamekufa kwa tumbo au kwa damu ya uzazi wakiwa bado vijana, msimtafute mchawi. Chukueni orodha hiyo mpeleke kwa daktari.

Tunapomaliza, tunamkumbuka mama yule wa Lizaboni. Tulipomwuliza kama anajilaumu kwa ajili ya ile chupa, alifikiri kidogo, akasema: "Hakuna aliyeniambia kwamba ina habari za watoto wangu."

Sasa tumeambiana.